Lensi Iliyochaguliwa kwa Chandarua

Siku ya hitima ya Mzee Kassimu nilikula pilau kwa mkono wa kulia, kama watu wenye adabu, nikamsikiliza mwanawe akitudanganya. Hakujua kwamba anadanganya, na hilo ndilo lililoniudhi. Mwongo anayejijua unamkodolea macho ananywea, lakini mtu aliyerithi uongo kama anavyorithi shamba utamfanya nini? Mzee Kassimu si jina lake. Majina ya humu nimeyageuza yote, wenyewe watajijua. Alikuwa na studio ya picha hapa Kamembe, upande wa Rwanda wa Ziwa Kivu, miaka ile ambayo mtu akitaka kuiona sura yake kwenye karatasi, lazima aoge, avae viatu, akae wima kwenye kiti kama aliye kwa daktari. Amekufa ameshiba miaka, Mungu amrehemu. Mwanawe mkubwa, Hamidu, anayeuza mabati, alisimama katikati ya masufuria na viti vya plastiki akasema baba yetu alikuwa na mkono. Hakuna uso uliotoka kwake na kipele. Makovu aliyafuta, alama za ndui alizisafisha, bibi harusi mwenye chunusi alitoka laini kama yai. Sasa sisi watoto wake tumefungua sanduku la filamu zake, tutatoa picha arobaini kubwa, tutazitundika kwenye ukumbi wetu wa harusi na chini tutaandika "Mkono wa Mzee Kassimu". Watu wakasema mashallah. Nyuma yake, juu ya meza, walikuwa wameiweka picha ya marehemu wakati wa nguvu zake, na kwenye paji la uso ile alama nyeusi ya kusujudu, mviringo kama sarafu. Mama aliyekaa ubavuni mwangu akaninong'oneza: "Mama Mwajuma, angalia ile nuru. Ile muntu alikuwa anaswalaka kweli." Nikatia tonge kinywani ili nisimjibu.

Mkono wanaousifia ni huu ninaoshikia kalamu sasa hivi, na ni wa kushoto. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Shule niliiacha darasa la nne, nikaingia kwa Mzee Kassimu kufagia na kusuuza picha kwenye beseni. Studio yake ilikuwa vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa cha watu: kiti chenye mgongo mrefu, taa mbili, na pazia lililochorwa ngazi na nguzo za jumba ambalo hakuna mtu wa Kamembe aliyewahi kulikanyaga. Wauza chumvi walipigwa picha mbele ya ngazi zile wakakunja sura kama mabalozi. Nyuma ya pazia kulikuwa na chumba cha pili, upana wake kama kitanda cha mtu mmoja, chenye dirisha dogo lililotazama ziwa, na chini ya dirisha dawati la mteremko lililokatwa shimo katikati, shimo likawekwa kioo. Chini ya kioo kulikuwa na karatasi nyeupe iliyopokea mwanga wa dirisha na kuurusha juu. Hapo unalaza filamu, kubwa kama kiganja, unaiona sura ya mtu kinyume: ngozi nyeupe, meno meusi, mkono wa kulia uko kushoto. Kipele kinaonekana kitone chembamba kinachopitisha mwanga. Unachukua penseli uliyoichonga kwa msasa mpaka imekuwa mwiba, unajaza kile kitone kwa mistari midogomidogo kama mkato wa maandishi, mmoja kando ya mwingine, mpaka kinalingana na shavu. Picha ikichapwa, kipele kimekwenda. Na ukitaka kuongeza weusi badala ya kuupunguza, unaikwangua filamu kwa ncha ya wembe. Penseli inang'arisha, wembe unatia giza. Ndiyo elimu yangu yote, na imenitosha. Kazi yenyewe tuliiita retushi.

Mzee Kassimu alikuwa fundi wa kuwaweka watu kwenye kiti na kuwaambia wasipumue. Kwenye retushi alikuwa hafai kitu. Mkono wake ulikuwa mzito, penseli yake butu, na nyuso za wateja zilitoka kama zimepitiwa na kuku aliyekanyaga majivu. Mchana mmoja alikwenda kuswali adhuhuri akaiacha filamu kwenye dawati, uso wa mwalimu fulani umejaa vitone. Nilikuwa na ufagio mkononi, nikauweka chini. Aliporudi nilikuwa nimemaliza mashavu yote mawili. Akainama, akatazama kwa kile kioo chake cha kukuzia, akatazama tena.

"Nani amefanya hii?"

"Mimi, Mzee."

"Kwa mkono gani?"

Penseli ilikuwa bado kwenye mkono wa kushoto, nilikuwa nimesahau kuihamisha. Akaenda kufunga mlango wa mbele kwa komeo, saa saba ya mchana, wateja wako nje.

Kwetu mkono wa kushoto una kazi yake, na kazi hiyo inafanyikia chooni. Haupokei, hautoi, hauli, hausalimii. Nilipokuwa mdogo walinifunga ule mkono kwa kitambaa ili nijifunze adabu, nikajifunza adabu kwa kulia, na ustadi ukabaki kushoto. Sasa mfikirie mama wa bibi harusi. Picha ya binti yake inavuka mpaka kwenda Bukavu kwa wakwe watakaoitazama wiki mbili kabla hawajasema ndiyo. Halafu wakwe wasikie kwamba ule uso, pua na midomo na kope, umepapaswa siku nzima na mkono wa kushoto wa msichana mfagizi. Wasingedai picha nyingine. Wangedai mchumba mwingine. Mzee Kassimu aliyajua hayo kabla hajamaliza kufunga komeo. Akarudi, akasema kwa sauti ya chini: "Utafanya. Lakini weye hauko hapa. Nyuma ya pazia hakuna muntu." Mwaka mzima nikawa hakuna mtu. Alinisukumia sahani chini ya pazia kama anamlisha paka, bugali na sombe ya majani ya muhogo, siku njema sambaza, vile vidagaa vya ziwa, za kukaanga, nami nikala kwa mkono wa kulia, peke yangu, sina hata wa kunionea adabu zangu.

Asiye mtu anasikia mengi. Nilisikia wanaume wenye ndevu wakiomba wapunguziwe mashavu. Nilisikia mwanamke mmoja wa Mururu akisema anataka atoke mweupe kuliko wifi yake, si mweupe sana, kidogo tu, lakini wifi aone. Nilisikia dada wawili wakigombana ni nani kati yao mwenye pua ya baba, na hakuna aliyeitaka. Kila siku mtu aliuliza swali moja.

"Mzee, ni nani anagusaka batu sura?"

"Mimi mwenyewe, Maman. Kwa mkono wa kuume, na ninaanza na bismillah."

"Njo maana zinatoka nzuri."

Na mimi pale, hatua tatu kutoka kwao, mkono wangu wa chooni umelala kwenye paji la uso la mume wake.

Siku moja Mzee Kassimu mwenyewe alikaa kwenye kiti, akaniita nije nibonyeze kamera, mlango umefungwa. Nilipolaza filamu yake kwenye kioo, akaja kusimama nyuma yangu, akakohoa. Akauliza kama vipele vimeisha. Nikasema vimeisha. Akakohoa tena. "Hapa juu," akasema, akigusa paji la uso lake, "unaweza kuniongezea kidogo?" Sikuelewa. Akaona haya, akaniambia ile alama, ile wanayopata watu wa swala nyingi. Nilimwangalia. Swala zake zilikuwa fupi kama chafya, na alikuwa akiswalia juu ya ngozi ya kondoo laini hata yai lisingepata ufa. Nikachukua wembe. Nikakwangua duara dogo, taratibu, pembeni nikalififisha ili lionekane la miaka. Picha ilipotoka aliiweka dirishani kwa watu, na kabla ya Ramadhani walikwisha kuanza kumwita Sheikh. Mtu wa watu alisujudu mara moja tu kwa nguvu, na alisujudia wembe wangu.

Basi, baada ya hitima, Hamidu alikuja kwa mjukuu wangu. Rehema anapiga picha za harusi, upande huu na upande wa Bukavu, na nasema bila aibu kwamba hakuna mwanaume wa kamera wilaya nzima ya Rusizi anayemfikia. Wengine wanajitia vizibao vya mifuko kumi, na mifukoni mna karanga. Kamera yake ni hizi za siku hizi zisizo na kile kioo cha kuakisi ndani, nyepesi kama kopo la maziwa. Hamidu akamwomba azinakili zile filamu: unalaza filamu juu ya taa bapa, unaisimamisha kamera juu yake ikitazama chini, unaipiga picha filamu yenyewe, kompyuta inageuza weupe kuwa weusi. Lakini lensi za harusi hazisogei karibu kiasi hicho. Ukizisogeza zinaona ukungu. Ilitakiwa lensi ya makro, ya kutazama kitu kidogo kwa karibu, na Rehema hakuwa nayo. Nilikuwa nachambua mchele. Nikauliza: "Hiyo lensi inaona nini?"

"Inaona kila kitu, Bibi. Hata unyoya wa nzi."

"Na penseli?"

Akaacha kula. Nilikuwa sijawahi kumwambia.

Jumapili Hamidu alikuja sebuleni kwangu na mtu anayeitwa Deo. Deo ni Mnyarwanda aliyekulia Bukavu akarudi, Mkristo mwenye adabu zake, anauza vyombo vya kamera vilivyokwisha kutumika. Kosa lake ni kwamba anazungumza kama redio iliyokwama kwenye matangazo. Alifungua begi juu ya meza yangu ya chai akatoa lensi tatu. Ya kwanza haikuwa lensi hata kidogo. Zilikuwa pete tupu za chuma, hazina kioo ndani, unazichomeka kati ya kamera na lensi ya kawaida na inasogea karibu kwa nguvu. Ya pili ilikuwa fupi, ya kuzungusha kwa mkono, na mwisho wa uwezo wake ni nusu: ukucha wa sentimita mbili unaingia kwenye kamera kama wa sentimita moja. Ya tatu ilikuwa ndefu, nzito, rangi imechubuka pembeni. Hiyo ilikuwa moja kwa moja: ukucha wa sentimita mbili unaingia sentimita mbili.

"Koko, uniache nikueleze pole pole," Deo akasema, kwa jina ambalo Bukavu wanamwitia bibi. "Hii ya murefu iko na motere ya ndani, inajitafutia sura yenyewe. Haina makelele. Na mukono ukitetemeka, ndani iko kintu inatuliza."

"Tunapiga picha ya nini, Deo?"

"Ya bafilamu, Koko."

"Zinakimbia?"

"Hapana, hazikimbie."

"Na kamera itashikwa na nani?"

"Itakuwa ku mguu wa chuma."

"Basi motere ni ya kumfukuza nani, na kitulizo ni cha kumtuliza nani?"

Rehema akacheka mpaka akamwaga chai. Hamidu hakucheka, alikuwa anakula maandazi yangu, la nne. Akafuta vidole akasema: "Mama Mwajuma, mambo iko rahisi. Filamu za Papa ni kubwa kama kiganja. Ile ya nusu inazimeza zima zima, pamoja na viatu. Ile ya moja kwa moja ikisogea mpaka mwisho wake itauma kipande tu, uso peke yake. Sisi tunataka picha nzima. Ile ya murefu ya kufanya nini?" Na alikuwa sawa, ndiyo iliyonichoma. Kwa mtu anayetaka picha nzima ya ukutani, lensi ya nusu inatosha na kubaki. Deo akatikisa kichwa kukubali, ijapokuwa alikuwa anajinyima biashara. Wote wawili walikuwa wameshafika mwisho wa akili zao, wakanitazama nikusanye vikombe.

Nikawaambia wakae. Nikaingia chumbani, nikakata kipande kwenye pembe ya chandarua cha zamani, nikakivuta bapa kati ya vioo viwili vya fremu ya picha, nikakiweka juu ya taa ya Rehema. Chandarua hakidanganyi. Kila tundu ni sawa na mwenziwe, na uzi ni uleule katikati na pembeni. Nikasema, pigeni. Ile ya pete: katikati safi, pembeni matundu yameyeyuka kama siagi, na mistari imepinda kama kiuno cha mpira. Deo akasema hiyo ndiyo kawaida ya pete. Nikamuuliza mbona hakusema alipoziweka mezani. Ile ya nusu: bapa kweli, pembe hadi pembe, sikuwa na la kuisema vibaya, lakini uzi ulikuwa uzi tu. Ile ndefu: matundu machache yakajaza kioo chote cha kompyuta, na uzi haukuwa uzi tena. Ulikuwa kamba, imesokotwa, nyuzi tatu zimekumbatiana, na unyoya mmoja umechomoza. Pembeni vilevile kama katikati. Tena ilikuwa imesimama mbali na kioo, haikuhitaji kukilamba kama zile nyingine. Nikamwambia Deo achukue vyake viwili, ile ndefu inabaki, na nitainunua mimi.

"Mama Mwajuma, unanunua lensi ya kamera," Hamidu akasema, akinitazama kama nimesema nanunua meli.

"Weye uliona filamu inatoshea. Mimi naona kuitoshea tu hakutoshi. Kila mtu anunue kinachomtosha."

Walipokwenda, Rehema aliosha vikombe. Halafu akauliza, bila kugeuka: "Bibi, unataka kuona nini mle?" Nikamwambia, nataka kujiona. Ndipo nikamsimulia, na mwisho wa mwaka ule pia nikamsimulia, ambao hata mume wangu alikufa bila kuusikia.

Ilikuwa bibi harusi wa Mururu. Uso mzuri, madoadoa mengi, siku tatu za kazi. Siku ya pili mama yake alikuja kuuliza picha kama ziko tayari. Mzee Kassimu alikuwa anatafuta bahasha, na yule mama akachoka kusubiri, akaliinua pazia. Akaniona. Akaona binti yake amelala kwenye kioo na penseli kwenye mkono wangu. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, kwa ile sauti ya mtu aliyekanyaga kitu: "Mzee, hii ni nini?" Mzee Kassimu alikuja mbio, akaniangalia, na nikaona machoni mwake kwamba ameshachagua. Akasema: "Ni mfagizi tu, Maman, anachezea bintu ya batu." Akachukua rula ya mbao iliyokuwa kwenye dawati akanipiga nayo juu ya vidole vya mkono wa kushoto, mara tatu, mbele ya yule mama. Kila pigo lilianza na tazama, Maman. Tazama, Maman. Mama akaridhika, akaenda. Jioni Mzee Kassimu alikuja kwetu na kilo ya sukari. Hakuomba radhi. Alisema harusi ni Ijumaa na shavu moja bado.

Nilirudi. Wengine wangesema sikurudi, wapate sifa. Nilirudi kesho yake na vidole vimevimba, nikalimaliza lile shavu, kwa sababu yule msichana hakunikosea kitu, na shavu moja safi na jingine chafu ni kazi ya mtu asiyejiheshimu. Nikaweka penseli juu ya kioo, nikatoka kwa mlango wa mbele, wateja wakinitazama. Baada ya hapo studio ikaanza kutoa picha za vitambulisho tu. Watu wakasema maskini Mzee Kassimu, macho yamemchoka mapema. Miaka yote hii nimeyasikia hayo macho yakihurumiwa, sokoni, harusini, hata msibani kwa mume wangu.

Jumamosi tulisimamisha kamera juu ya meza yangu. Hamidu alileta sanduku. Filamu zilikuwa kwenye bahasha za khaki, kila moja ina jina na mwezi na mwaka, maandishi yake Mzee, mazuri, hilo simnyimi. Nikamwambia Rehema azilaze upande wa penseli ukitazama juu, kama nilivyokuwa nazilaza mimi. Tulianza na bibi harusi wa Mururu. Uso ulijaa kompyuta nzima, weusi na weupe kinyume, na nikamtambua hapohapo, maana mimi watu wote wa Kamembe niliwajua kwa kinyume. Kwenye shavu ikatokea mistari. Mamia. Midogo, myembamba, kama nyasi zilizolazwa na upepo mmoja, kichwa cha kila mstari kimelalia kushoto.

Hamidu akasogeza kiti. "Mkono wa Papa," akasema. Sauti yake ilikuwa na heshima.

"Rehema, weka ya mwaka wa kabla yake."

Rehema akaweka filamu ya mwaka uliotangulia, mzee mmoja mwenye kofia. Mistari ilikuwa minene, michache, mingine imetoka nje ya kipele ikaenda matembezini, na yote imelalia kulia. Hamidu akatazama moja, akatazama nyingine. Sikumfundisha kitu. Nilichukua karatasi na penseli, nikachora mikato kumi kwa mkono wangu wa kushoto, mbele yake. Nikampa Rehema penseli, akachora kumi kwa mkono wake wa kulia. Nikaisukuma ile karatasi kwenye meza mpaka ikagusa vidole vyake.

Akaiinamia karatasi. Mtu wa mabati, lakini si mpumbavu kama nilivyokuwa nimemweka. "Papa alikuwa anaandika kwa mkono wa kulia," akasema mwishowe.

"Najua. Alinipiga nao."

Akauliza lini, kwa nini. Nikamwambia yote, kwa ufupi, jinsi unavyomwambia mtu njia. Hakubisha. Alifungua sanduku akatoa bahasha moja iliyokuwa juu ya nyingine zote, akamkabidhi Rehema kwa mikono miwili. Ilikuwa ile ya baba yake, ya dirishani, ya juu ya meza ya hitima. "Na hii?" akauliza. "Na hii ni weye?"

Rehema akailaza. Shavu likatokea kwanza, na mistari yangu imelala palepale, kushoto. "Ni mimi," nikasema. Rehema akaanza kuisogeza filamu taratibu, ili alete jicho, kisha nyusi. Juu ya nyusi kulikuwa na duara la makwaruzo ya wembe ambalo lensi ile, niliyoichagua mwenyewe kwa chandarua changu, ingelikuza likawa kubwa kama sinia. Mtoto wa miaka mitano angeona kwamba ile si ngozi, ni chuma kimepita. Kwenye filamu ilibaki nafasi ya punje mbili za mchele. Nilikuwa na kila sababu. Nilikuwa na rula tatu, na sahani za chini ya pazia, na mwaka mzima wa kutokuwa mtu. Na mwanawe amekaa hapo, ameshapoteza mkono wa baba yake asubuhi hii, anangoja kuona kama amebaki na paji la uso.

"Simama hapo," nikamwambia Rehema. "Shavu linatosha."

Rehema akaniangalia. Anajua kusoma uso kuliko mimi. Akauondoa mkono kwenye filamu.

Siku iliyofuata Hamidu alikuja na karatasi ya maneno ya ukutani. Alikuwa ameandika "Picha za Mzee Kassimu, kwa msaada wa Mama Mwajuma". Nikamrudishia.

"Nilimsaidia nani? Aliyesaidia ni yeye. Alinishikia pazia."

Akakuna kichwa. Akafuta, akaandika nilichomtajia: picha, Mzee Kassimu, nyuso, mkono wa kushoto wa Mama Mwajuma. Kwenye neno kushoto kalamu yake ilikwama. "Mama, tuseme mkono tu. Bamama batasema. Bengine bazazi wao wako mule mu picha."

"Njo maana uandike."

Akaandika. Sasa wako kule ukumbini, hao waliotaka pua nyembamba na wifi waone, wamepangwa ukutani, laini kama mayai, na wajukuu wao wanakula biriani chini yao. Najua wanawake wawili waliohamisha viti. Wahame. Uso wa bibi yao haukuharibika kwa miaka yote hii, hauwezi kuharibika kwa kusoma.

Thelathini na tisa, zote za mwaka wangu, zina jina langu. Ya arobaini, ile ya alama, inayotundikwa mlangoni watu waione wakiingia, nilimwambia Hamidu aiache. "Hiyo usiniandike," nilisema. "Hiyo muachie baba yako peke yake. Hiyo ni kazi yake."

Machozi yakamlenga. Akasema baada ya mambo yote bado nimemhifadhia marehemu heshima yake, na watu kama mimi wamekwisha. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akainama, akaubusu. Alishika wa kushoto. Sikuuondoa.